Rangi Inayovumilia Moto

Skuta niliinunua Louisville, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Bomba lake la moshi lilikuwa bado linang'aa. Nikiinama niliona viatu vyangu ndani yake. Wakati ule nilifanya kazi katika ghala karibu na uwanja wa ndege, na basi la mwisho liliondoka kabla ya shifti yetu kwisha. Kwa hiyo skuta haikuwa starehe. Lakini sitadanganya: nilipenda pia kujua kwamba ingenitoa popote, siku yoyote nitakayochoka.

Mimi huchoka haraka. Shule niliiacha darasa la sita, katika kambi ya wakimbizi, na tangu hapo kila nilichojua nimekijua kwa kukifungua: redio, kufuli, saa ya mchungaji. Nikikuta maandishi nyuma ya kopo au pembeni ya mashine, nayasoma yote, na neno nisilolijua nalitafuta kwenye simu. Watu hudhani mtu asiyetulia hana makini. Mimi makini ninayo, ila haikai mahali pamoja.

Baada ya mwaka mmoja nilihamia Columbus, skuta ikiwa mgongoni mwa gari la rafiki. Nilipanga chumba Hilliard, pembeni ya mji, pamoja na Warundi wawili. Huko ndiko nilikoijua chumvi. Theluji ikianguka, magari makubwa humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo huruka na maji ya matairi, hukaa kwenye chuma na kukila taratibu. Hakuna aliyeniambia kwamba skuta huoshwa hata wakati wa baridi. Majira ya baridi yalipokwisha, bomba lilikuwa na rangi ya udongo wa kwetu milimani, na penye maungio kutu ilikuwa inabanduka kama magamba.

Nilifanya nilichowaona waendesha pikipiki wa kwetu Uvira wakifanya: nililipaka bomba mafuta machafu ya injini. Kisha nikawasha. Moshi ulipanda mpaka dirisha la jirani. Mrundi mmoja alikuwa ameketi kizingitini na kikombe chake cha chai.

"Ndugu, unachoma mbuzi?"

"Nazuia kutu."

"Basi kutu imekufa," akasema. "Na sisi tunaifuata."

Mara ya pili nilitumia rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti. Siku mbili skuta ilionekana mpya. Siku ya tatu rangi ilijivua yenyewe, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilicheka, nao wakacheka. Makosa yangu ya Columbus yalikuwa ya kuchekesha, na nadhani hilo lilinizoesha vibaya.

Mama yangu anaishi Buffalo na dada yangu mkubwa, karibu na barabara ya Bailey. Dada anatunza wazee, na Jumapili nyingi anakuwa kazini. Mama ana sukari. Ana dawa zake kwenye kisanduku chenye siku za juma, na ana viatu vipana alivyopewa hospitali, ambavyo anavichukia. Nilikwenda kuwatembelea mwezi wa tano, skuta ikiwa tena mgongoni mwa gari la rafiki. Ghala moja la Columbus lilikuwa limekwisha kuniahidi kazi mpya, na nilipanga kukaa wiki mbili tu.

Jumapili ya kwanza nilikwenda kanisani na skuta, nyuma ya gari la dada. Mama mmoja wa kwaya aliiangalia nilipoizima, akamgeukia mama yangu.

"Dada, mtoto wako amekuletea mashine ya kusaga mahindi kutoka Columbus?"

Wamama walicheka, na mama yangu akacheka nao. Tulipofika nyumbani hakuwa anacheka tena. "Papa," aliniambia, maana ndivyo mama zetu wanavyowaita watoto wao wa kiume, "hicho chombo kinaonekana kama sufuria iliyosahauliwa motoni. Ukitembea nacho, watu wanasema huna mtu."

Nikaamua kulitengeneza bomba kwa njia inayofaa. Ilikuwa kwa ajili ya Mama, na ilikuwa pia kwa ajili yangu, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba ipo rangi inayovumilia moto, na sikuelewa inawezekanaje. Rangi ni kitu kinachoungua. Nilitaka kujua kwa nini hii haiungui.

Nilifanya kazi hiyo katika chumba cha chini cha nyumba ya dada, mlango ukiwa wazi, Ijumaa na Jumamosi. Kwanza nilitoa bamba la kukinga joto. Ni bamba jembamba lililofungwa kwa skrubu tatu juu ya bomba, ili mguu wa mtu usikutane na chuma chenyewe. Skrubu mbili zilitoka baada ya kulowekwa mafuta. Ya tatu ilikuwa imeliwa na kutu, ikakatikia ndani. Nililiweka bamba juu ya gazeti, nikajiambia: Jumatatu nitatafuta skrubu nyingine.

Kisha nikasugua. Brashi ya waya kwanza, halafu msasa mkali, halafu msasa laini, mpaka kutu ikawa vumbi jekundu kwenye mikono yangu na chuma kikaonekana cheupe, na vishimo vidogo kama uso wa mtu aliyeugua ndui. Nilipangusa kwa spiriti. Nilifunika kwa karatasi pasipotakiwa rangi. Nilipuliza safu nyembamba, nikangoja, nikapuliza nyingine, na nyingine tena. Kopo la rangi lilisema rangi hiyo haikauki kabisa kwa hewa. Lazima iive kwa joto la injini lenyewe: uwashe kidogo, uache ipoe, uwashe zaidi, ipoe, kisha mara ya tatu kwa muda mrefu. Lilisema pia kwamba mara za kwanza itatoa harufu, na kwamba hiyo ni kawaida. Nilipiga picha ya maandishi hayo ili niyasome tena. Jumamosi jioni nilifanya mara ya kwanza. Bomba lilikuwa jeusi, bila doa. Dada alikuja kuangalia, akasema limekuwa zuri kuliko skuta yenyewe.

Jumapili dada aliondoka na gari mapema kwenda kazini. Mwanamke aliyekuwa ampitie Mama alipiga simu kwamba mtoto wake anatapika. Mama alikuwa tayari sebuleni, amevaa kitenge cha sare ya wamama, soksi ndefu nyembamba za nailoni na viatu vya wazi. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kuongoza maombi ya wamama, mara ya kwanza tangu alipolazwa. Alikaa na simu mapajani, akaniangalia.

"Twende na skuta," nikasema. Nilifikiri pia kwamba safari hiyo ingekuwa kuivisha rangi kwa mara ya pili.

Kanisani kwetu mwanamke havai suruali, na kitenge cha sare kimefungwa kwa kubana, kwa hiyo mwanamke hukaa kiubavu. Sheria za hapa haziruhusu, nadhani, lakini ilikuwa mwendo mfupi. Mama alikwenda upande wa kushoto wa skuta, akageuka apande.

"Huko hapana, Mama. Zunguka huku."

"Sisi tunakaaka upande huu."

"Hapa magari yanapita karibu sana. Yatakuchukua magoti. Miguu ikae huku, upande wa watembea kwa miguu."

"Tangu Uvira ninakaa upande huu. Kila mwanamke anakaa upande huu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini gani? Ndivyo tunavyokaa."

Nilingoja kidogo, nikaona hana sababu. Akazunguka. "Bon, haya," akasema, akijiweka sawa nyuma yangu, "si wewe ndiye unasomaka kila kitu."

Bomba la moshi liko kulia. Sababu ilikuwa hiyo, na kila mwendesha pikipiki wa Uvira anaijua, hata kama abiria wake hawajawahi kuitaja. Mimi ninayeuliza sababu ya kila kitu niliuliza, nikakosa jibu, nikahesabu kwamba jibu halipo.

Safari ilichukua dakika kumi na mbili. Kwenye taa za pili Mama aliniinamia begani.

"Kuna kitu kinanuka."

"Ni rangi, Mama. Inaiva. Imeandikwa kwenye kopo."

"Inanuka kama nywele."

"Mara za kwanza ndivyo inavyonuka," nikasema, na nilisema kwa fahari. Nilifurahi kwamba limetokea jambo ambalo nilikuwa nimelisoma.

Aliomba vizuri siku hiyo. Alisimama muda wote, kiganja kimoja kwenye kiti cha mbele yake, na wamama walimjibu kwa sauti. Nilisimama nyuma karibu na mlango, nikamwona mtu niliyemjua zamani, kabla ya sindano na visanduku vya dawa. Mvua ilinyesha baadaye, mama mmoja akamrudisha kwa gari, nami nikafuata na skuta.

Nilimkuta jikoni, ameketi, anavuta soksi ya mguu wa kulia. Soksi haikutoka. Nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, ilikuwa imeyeyuka ikashikamana na ngozi, na katikati palikuwa na jeraha kubwa kama kiganja cha mtoto mchanga, jeusi pembeni.

"Uliumia lini?" nikamuuliza.

"Sikuumia," akasema. Alikuwa anaangalia mguu kama kitu alichokiokota.

Sukari ilikuwa imezima hisia za miguu yake muda mrefu. Alikuwa hajatuambia, au alituambia na hatukusikia. Dakika kumi na mbili mguu wake ulikuwa umelala kwenye chuma cha moto, naye hakujua, na pua yake ilipojua, mimi nilimwambia ni rangi.

Dada alirudi alasiri, akampeleka hospitali, wakaosha, wakafunga bandeji, wakampa dawa ya kupaka. Waliporudi dada hakunilaumu. "Pikipiki zote zinachoma," alisema. "Nani kwetu hana hii alama?" Akainua pindo la gauni, akaonyesha kovu lake mguuni. Mama naye ana moja, mguu wa kushoto, alilolipata akipita kando ya pikipiki iliyoegeshwa, la zamani, laini kama ukucha. Majirani waliokuja kumpa pole walionyesha yao. Jikoni pale palikuwa na wanawake wanne wenye makovu ya namna moja, wakibishana nani aliungua kwenye barabara gani, na Mama alicheka mara moja au mbili. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema, na sikusema. Hakuna aliyeuliza kama bamba lilikuwa mahali pake.

Jumatatu, Mama akiwa bado amelala, nilikwenda dukani nikanunua skrubu. Nilitoboa ile iliyokatika, nikalifunga bamba. Nilikaza zote tatu. Mtu yeyote ambaye angekuja kuiangalia skuta angeona chombo kilichokamilika.

Niliwaambia wa Columbus kwamba nitachelewa wiki moja. Kisha nyingine. Kidonda hakikupona. Kilipanuka, na ndani yake vikabaki vidoadoa vyeusi ambavyo havikuondoka kwa kuoshwa. Nilikuwa nikiviona dada alipobadilisha bandeji, na nilijua vimetoka wapi, au nilidhani najua; na kila mara nilijiambia kwamba madaktari wanaona vizuri kuliko mimi.

Wiki ya tatu Mama alitumwa kwa daktari wa vidonda. Dada hakupewa ruhusa kazini, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani juu ya kichwa na nyingine machoni. Alitaka mkalimani hata baada ya mimi kusema kwamba nasikia Kiingereza. Ndiyo taratibu yao, alisema. Akabonyeza simu iliyokuwa mezani, ikatoka sauti ya mwanamume mwenye Kiswahili kilichopangwa, huenda Mtanzania. Mama alikaa wima kumheshimu, ingawa hakuwepo.

Daktari alikagua kidonda muda mrefu. Kisha akazungumza, na simu ikasema:

"Mama, daktari anasema hivi vyeusi anavyoviona vinaweza kuwa nyama iliyokufa. Kama ni hivyo, basi inaendelea kushuka ndani. Atahitaji kukufanyia upasuaji wiki hii. Na wakikuta imefika mbali zaidi, mtazungumza kuhusu..." Akaanza upya. "Mtazungumza kuhusu mguu."

"Mguu wote?" Mama akauliza.

"Anasema chini ya goti."

Mama alikunja kitenge chake juu ya mapaja, akakikunjua, akakikunja tena.

Daktari akauliza jambo lingine, na mkalimani akalileta. "Anataka kujua uliungua vipi hasa. Anasema pikipiki huwa na kinga juu ya bomba, na mtu akigusa kinga haungui hivi. Je, kinga ilikuwepo? Mguu ulikaa hapo muda gani? Kwenye chuma kulikuwa na kitu chochote, mafuta, uchafu?"

"Mimi sijui mambo ya mashine," Mama akasema. "Kijana wangu anajua. Papa, umjibu daktari."

Ningeweza kujibu kwa Kiingereza, na Mama asingeelewa yote. Nililiona hilo, sikujificha nisilione. Lakini nilijibu kwa Kiswahili. Sijui ulikuwa ujasiri au uchovu.

"Kinga haikuwepo. Niliitoa mimi ili nipake rangi. Rangi ilikuwa ya siku moja, haijaiva. Mguu wake ulikaa kwenye chuma chenyewe dakika kumi na mbili. Kinga niliirudisha kesho yake, ili watu wasijue."

Mkalimani akafanya kazi yake. Sikuwa nimejua kwamba wakalimani wale hawasemi "yeye". Wanasema "mimi", kama aliyesema. Nikamsikia mwanamume nisiyemjua akimweleza daktari, kwa Kiingereza kisichotetemeka, kwamba mimi niliitoa kinga, mimi nilipaka rangi, mimi niliirudisha ili watu wasijue.

Daktari hakuniangalia kwa hasira. Aliuliza ni rangi gani. Nilimwonyesha picha ya kopo. Aliisoma yote, kama ninavyosoma mimi, akaandika, kisha akavuta taa karibu na kuchukua kioo cha kukuzia na kibano kidogo. Alifanya kazi karibu saa nzima. Kila alichokitoa alikiweka juu ya kitambaa cheupe, akakisugua kwa kitu, akakiangalia. Mama alikuwa ameelekeza uso ukutani.

Vingine vilikuwa rangi. Vingine havikuwa.

Ile nyama iliyokufa aliikata palepale, na Mama hakuhitaji hata sindano ya ganzi. Upasuaji ukaahirishwa. Tutaona, alisema daktari. Kidonda kioshwe na kufungwa mara mbili kila siku, asikanyagie mguu, na homa ikianza tusingoje hata saa moja. Hakuahidi kitu.

Tulikaa nje kwenye benchi kungoja gari la kukodi.

"Donc, kumbe uliirudisha Jumatatu," Mama akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Mimi nikiwa nimelala."

"Ndiyo."

"Na dada yako anaonyesha watu kovu lake, ili wewe usijisikie vibaya." Aliangalia magari yaliyokuwa yakiingia na kutoka. "Kuhusu rangi sina neno. Ulipaka ile rangi kwa ajili yangu, najua. Lakini wiki tatu, papa. Kama yule mtu wa simu asingekuwepo, ungesema?"

"Sijui."

"Bon." Gari lilionekana mwisho wa barabara. "Columbus bado wanakungoja?"

"Wananingoja."

"Basi uwaambie."

Hakusema niwaambie nini. Niliwapigia kabla hatujapanda, nikasema siendi, wampe mtu mwingine ile nafasi.

Dada nilimwambia siku hiyohiyo, alipokuwa anavua viatu vya kazi mlangoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia chumbani kwake. Siku mbili hakunisemesha. Siku ya tatu alinikuta naosha vyombo, akasimama nyuma yangu.

"Wewe kila mahali unapopita unafungua kitu," akasema, "halafu unaondoka hakijafungwa." Akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani.

Kidonda sasa ni kazi yangu. Muuguzi alinifundisha: kunawa mpaka kwenye kiwiko, glavu, maji ya chumvi yaliyopozwa, kupangusa kutoka katikati kwenda nje na si kinyume, kujaza shimo kwa kitambaa chembamba bila kukishindilia. Kila Jumanne daktari anakipima kwa rula ya karatasi. Juma moja kilipungua kidogo. Juma lililofuata hakikupungua. Hajasema tena neno la goti, na sisi hatumuulizi.

Asubuhi Mama huketi kwenye kiti cha jikoni, mguu juu ya stuli, uso dirishani. Hapendi kuona. Mimi hukaa sakafuni mbele yake. Naondoa bandeji ya jana taratibu, nakiangalia kidonda kwa taa ya simu, natafuta kitu chochote cheusi. Juzi kilikuwa chekundu chote isipokuwa pembe moja ambayo sikuwa na hakika nayo. Niliosha, nikapangusa, nikajaza kitambaa, nikaifungua bandeji mpya na kuanza kuizungusha.

"Papa," akasema, bado anaangalia nje. "Umeanza?"

Nilikuwa nakaribia kumaliza.